Kipanya Kilichosingiziwa

Mwaka 1998 nilikuwa nakaa kwa shangazi, Magomeni, nikimsaidia kwenye kiduka chake cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta ilikuwa moja tu, 486 ya mtumba yenye Windows 95. Siku aliponunua modemu, kadi ya kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ili wateja watume barua pepe, nikajitia fundi: nikafungua kasha, nikaikandamiza kadi mahali pake, nikawasha. Modemu ikapiga simu bila shida. Ila ikianza tu kulia ule mlio wake, kipanya kinaganda. Mshale tuli katikati ya kioo.

"Wewe, umeniulia mashine?"

"Hapana, shangazi. Hiki kipanya kimezeeka."

Nikatoa kimpira cha chini, nikakisafisha kwa spiriti, nikakwangua uchafu wa ndani kwa ukucha. Wapi! Nikaenda Kariakoo kununua kipya. Nacho kikaganda.

Siku ya tatu ndipo nikasoma kikaratasi cha modemu, ambacho muda wote huo kilikuwa kimekunjwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kina jedwali dogo la poti, yaani njia za kuunganisha vifaa na kompyuta, na namba ya IRQ ya kila moja: COM1 ni IRQ 4; COM2 ni IRQ 3; COM3 ni IRQ 4; COM4 ni IRQ 3. Kipanya chetu kilikuwa COM1. Modemu ilikuja imewekwa COM3. Majina mawili, mlango mmoja! Kila kifaa kikiwa na shida kilipiga hodi kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa namba yake ya IRQ, na namba zenyewe kwenye mashine za wakati ule zilikuwa 16 tu, 0 hadi 15, nyingi zilikuwa na wenyewe: saa 0, kibodi 1, floppy 6, diski 14. Modemu ikishika namba 4, kipanya kinabisha hodi hakiitikiwi. Aliyeamua COM1 na COM3 zilale kitanda kimoja sijamsamehe mpaka leo.

Dawa ilikuwa kuipa modemu poti nyingine kwa kuhamisha jampa, kiplastiki cha ukubwa wa punje ya mchele kinachounganisha vipini viwili kwenye kadi. Nikaazima kibanio cha nyusi cha dada. Jampa ikaniponyoka, ikapotelea kwenye mkeka. Robo saa nzima natambaa na tochi, shangazi kanisimamia, mikono kiunoni, na mteja anasubiri fotokopi ya cheti.

Nikaiweka COM2. Nikawasha: modemu kimya kabisa, afadhali ya jana. Kumbe bodi nayo ina COM2 yake, haijachomekwa kitu lakini imekalia namba 3 vilevile. Nikawasha upya, nikabonyeza Delete, nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuizima poti hiyo ya bodi.

Modemu ikapiga simu. Ikalia. Nikasukuma kipanya, kile cha zamani, na mshale ukaenda. Nikauzungusha kioo kizima kama mtoto mwenye gurudumu.

"Kwa hiyo hicho kilikuwa kizima?" shangazi akauliza.

Mwisho wa mwezi bei ya kile kipya ilikatwa kwenye posho yangu.