Jinsi nilivyozitambua dalili za mwanzo za MS mwilini mwangu

Nikiulizwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi, au MS kama wengi tunavyouita, huwa sitaji dalili yoyote. Ganzi, uchovu, kizunguzungu, macho kufifia: kila moja ina sababu nyingine chungu nzima, na nyingi ni ndogo tu. Mimi nilisaidiwa na kufuatilia mwendo wa dalili. Imeanzaje, imekaa muda gani, imeondokaje, na baada yake kimefuata nini.

Kwangu ilianzia jichoni. Jicho la kulia liliuma kila nilipolizungusha kutazama pembeni, na siku chache baadaye ukungu ukaziba katikati ya kila nilichokitazama. Halikuwa jekundu, halikutoa tongotongo. Kilichonitia wasiwasi hasa ni rangi. Nilifumba jicho moja nikatazama kifuniko chekundu cha chupa, kisha nikafumba la pili. Kwa jicho la kushoto kilikuwa chekundu sawasawa. Kwa la kulia kilikuwa kimechujuka, kinakaribia rangi ya udongo. Baadaye nilijifunza kwamba hata madaktari hutumia kitu chekundu namna hiyo hiyo, kwa sababu neva ya jicho ikivimba, wekundu hufifia mapema.

Daktari wa macho alimulika tochi jicho hili, akahamia lile, akarudia. Tochi ilipofika jicho la kulia, mboni ilitanuka badala ya kusinyaa. Alipochungulia ndani ya jicho hakuona kasoro, na hilo hutokea mara nyingi, maana uvimbe huwa umejificha nyuma. Akaniambia: “Jicho lenyewe ni zima, dada. Shida iko kwenye neva inayopeleka picha ubongoni. Naomba umwone daktari wa mishipa ya fahamu, hata ukianza kuona vizuri.”

Hayo maneno ya mwisho nayashukuru mpaka leo. Wiki kadhaa baadaye uwezo wa kuona ulirudi karibu wote, na bila onyo lile ningeweza kabisa kusema nimepona.

Katika MS, mfumo wa kinga hushambulia mayelini, utando unaozifunika nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Uvimbe ukitulia, dalili hupungua au hupotea, lakini kovu linaweza kubaki. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, na makovu hayo magumu ndiyo aliyoyaona ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 huanza kwa mtindo huu wa shambulio, nafuu, kisha shambulio jingine. Wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake ni mara 2 hadi 3 ya wanaume. Kwa hiyo nafuu isikuondoe kwenye foleni ya daktari.

Nikaanza daftari. Niliandika mahali penye dalili, upande wa mwili, siku ilipoanza, ilivyopanda, na siku ilipoisha. Pia kama nilikuwa na homa au nilikuwa nimepatwa na joto. Mwanzoni niliandika kila kitu, hadi kope kuchezacheza. Kisha daktari akanipa kipimo cha kuchuja: shambulio la MS ni dalili inayodumu angalau saa 24, bila homa wala maambukizi, na hutengana na shambulio lililotangulia kwa siku 30 au zaidi. Mkono unaokufa ganzi kwa kulaliwa na kuamka ukiunyoosha haumo. Maumivu ya sekunde mbili yanayokuja mara moja na kupotea hayamo. Nilipochuja hivyo, kurasa nyingi zilibaki na mstari mmoja au hakuna, na roho ikatulia kidogo.

Miezi ikapita. Kisha ganzi ikaanzia kwenye nyayo, ikapanda siku baada ya siku hadi kiunoni. Nilitembea kama nimevaa soksi nene. Bafuni mguu mmoja ulihisi joto la maji na mwingine haukuhisi vizuri. Nilipoinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, shoti ilinishuka mgongoni mpaka miguuni. Hali hiyo hubeba jina la Jean Lhermitte, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1924. Haimaanishi MS peke yake: upungufu wa vitamini B12 unaweza kuileta, na pia mifupa ya shingo inayobana uti wa mgongo. Ndiyo maana niliiandika bila kuipa jina.

Pia kulikuwa na mkazo uliozunguka kifua, na mkojo uliokuja ghafla bila kunipa nafasi. Hili la mkojo tunaona haya kulitaja. Tafadhali litaje. Ganzi ya miguu ikiambatana na mkojo humwonyesha daktari kwamba auchunguze uti wa mgongo, na habari hiyo ni ya maana kuliko haya yetu.

Jambo lililonichanganya zaidi lilikuwa joto. Nikioga maji ya moto au nikitembea kwa kasi, jicho lile la zamani lilififia tena, na nikipoa lilirudi. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1890. Neva iliyopoteza utando wake hupitisha ujumbe kwa shida, na joto huongeza shida hiyo. Halileti kovu jipya. Daftari lilinisaidia kutenganisha mambo haya mawili: ganzi ya miguu ilikaa wiki nzima na zaidi, ukungu wa jicho uliondoka joto lilipopungua.

Kwa daktari wa mishipa ya fahamu sikubeba daftari zima. Nilinakili ukurasa mmoja: jicho, tarehe, miguu, tarehe, mkojo, tarehe. Aliusoma wote mbele yangu. Vigezo vya McDonald, ambavyo madaktari huvitumia kuthibitisha MS, vilitolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa; tangu mwanzo vilitafuta madhara katika sehemu zaidi ya moja ya mfumo wa fahamu na katika nyakati tofauti, na ukurasa ule ulikuwa unasema hivyo hivyo kwa lugha yangu. Picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku, za ubongo na uti wa mgongo zikaonyesha madoa, mengine yakiwaka kwa dawa ya gadolini, yaani mapya, na mengine ya zamani. Walichukua maji ya uti wa mgongo, na damu kwa ajili ya B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga), na kingamwili zinazoshambulia protini iitwayo akwaporini-4. Kipimo hicho cha mwisho kiulizie: kingamwili hizo huashiria ugonjwa mwingine unaofanana sana na MS, nao baadhi ya dawa za MS huuzidisha.

Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, nilizopewa kwa dripu ziliharakisha nafuu ya miguu, ingawa hazibadilishi mwendo wa ugonjwa kwa miaka ijayo. Kazi hiyo ni ya dawa za kupunguza mashambulio, na nilianza mapema. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu za kutibu MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Ukiambiwa hakuna tiba, jua kwamba ni kweli hakuna ya kuuondoa ugonjwa, lakini za kuuzuia usikimbie zipo.

Daftari bado ninalo. Dalili ya zamani ikijitokeza, napima joto la mwili, napima mkojo kama kuna maambukizi, najipoza, napumzika. Ikipungua naandika na kuendelea na shughuli. Ikiwa ni mpya, au ya zamani imevuka saa 24 bila homa, napiga simu kliniki. Lakini uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikataa kutoka kwa ghafla, sihesabu saa. Mashambulio ya MS kwa kawaida hujengeka kwa saa na siku, na kinachokuja kwa ghafla hivyo kinaweza kuwa kiharusi. Hapo naenda moja kwa moja kitengo cha dharura.