Usingizi ulivyorudi kwa mlio wa kinu

Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalituandama siku kadhaa hapa Goma. Ardhi ikatulia, mimi sikutulia. Lori likipita tu usiku, nimeshaamka, viatu mkononi. Nilijaribu kuomba, kuhesabu, hata bia (pesa bure).

Jioni moja jirani akawa anatwanga sombe, yaani majani ya muhogo. Du, du, du, na ile harufu mbichi ya majani. Ghafla niko jikoni kwa bibi, Bukavu, nina miaka sita. Mabega yakashuka yenyewe. Harufu hufika upesi sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hofu, hata kabla hujawaza.

Sasa natwanga mwenyewe kila jioni, polepole. Mke wangu amechoka kula sombe. Ila nalala.