Kasuku wako ana karatasi? Maana kwenda nae Dar sio kununua tiketi tu

Kila msimu wa korosho ukiisha na watu wakaanza safari zao, dukani kwangu (nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku hapa Mtwara mjini) hakosi mtu wa kuniuliza habari za kasuku, mara ananyonyoka manyoya, mara hataki kula, afu linakuja lile swali ambalo ndo limenifanya nikae niandike, eti nikimpakia kwenye basi kwenda Dar kuna shida? Shida ipo ndugu zangu, ila haianzii stendi, inaanzia kule kule ulikompata.

Tuelewane kwanza tunaongelea ndege gani. Kasuku wa huku kwetu ni yule mwenye kichwa cha kahawia, mwili kijani, mdomo wa juu umekoza na wa chini mweupe, akiruka ndo unaona manjano chini ya bawa, na makelele yake unayasikia kabla hujamuona. Ni ndege wa mwambao, anaanzia Kenya anashuka na pwani yetu mpaka Msumbiji. Ndo huyo watoto wanampandia kwenye mibuyu na minazi iliyokufa wanamtoa tunduni hajaota hata manyoya, wanamlea, akikua wanamuuza au anabaki nyumbani kama kuku. Na hapo kwenye kama kuku ndo watu wanapoumia, kwasababu kuku ni wako ila huyu sio wako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais kashika dhamana tu kwa niaba ya wananchi, na ndege wa porini nao wamo humo humo. Halafu nyara kwa sheria hiyo sio pembe za ndovu peke yake kama wengi tunavyodhani, ni mnyama akiwa hai au amekufa, na manyoya, na mayai pia. Kwahiyo tundu lako pale barazani, kisheria linaweza kuwa limebeba nyara ya serikali inayokula njugu.

Nitawapa mfano. Juzi juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, anahamia kwa mwanae Dar, kabeba tundu la waya kalifunika na khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nipe vitamini za huyu, kesho tunasafiri."

Akaifunua ile khanga. Ndege mzuri kwakweli, bawa moja limekatwa kwa mkasi, kasimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili kashika njugu anaibandua ganda taratibu kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, na mimi ananitazama kwa jicho la upande. Nikamuuliza mama, huyu ana kibali?

"Kibali cha nini tena baba? Nimemlea toka hana unyoya hata mmoja, wajukuu walimtoa kwenye mnazi. Kwani nimemuibia nani?"

Na ukimsikiliza yule mama unaona ana haki yake, hajamuibia jirani, hajamtesa, anampenda kuliko baadhi ya watu wanavyopenda watoto wao. Ila sheria haiulizi mapenzi, inaulizia asili. Alitoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Hilo ndo jambo ambalo natamani watu walishike kuliko yote, kwamba karatasi ya ndege huwezi kuitengeneza kwa kurudi nyuma. Akiwa kazaliwa kwenye shamba au bustani ya wanyamapori yenye kibali (na vibali hivyo vinatolewa, kuna Watanzania wanafuga wanyamapori kihalali kabisa) basi atatoka pale na karatasi zake na wewe utazionyesha kokote. Akitoka kwenye mbuyu hana karatasi, na kumfuga miaka kumi hakumpi karatasi, kunamuongezea umri tu.

Wengine wanasema aah lakini mimi nilimuokota, alidondoka mwenyewe. Sawa, ila na hilo sheria imeliona, aliyeokota nyara anatakiwa atoe taarifa ofisi ya wanyamapori au polisi, sio akae nae. Na adhabu zake sio za kuchekea, kesi za kukutwa na nyara za serikali ndo zile unazisikia mtu kaingizwa kwenye uhujumu uchumi, kifungo kinaweza kufika miaka 20 mpaka 30 kutegemea ni mnyama gani na thamani yake. Sisemi kila mwenye kasuku atafungwa miaka hiyo, hapana, ila kwanini uingie kwenye kitabu kimoja na majangili kwa ajili ya kasuku?

Haya tuseme wako ana asili inayoeleweka. Kusafirisha nako kuna njia yake na ofisi ni mbili sio moja, hapa ndo watu wanachanganya. Upande wa wanyamapori (TAWA, yaani mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, au afisa wanyamapori wa wilaya, wazee wetu bado wanamuita bwana nyama) wanahusika na umiliki wake na ruhusa ya kumhamisha. Upande wa mifugo wanahusika na afya, afisa mifugo anampima na kuandika kibali cha kumsafirisha, kwasababu ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Usidharau hii ya pili, kasuku ana ugonjwa wake wa bakteria ambao unampata na binadamu, unaanza kama mafua tu, homa, kifua, kumbe unatoka kwenye vumbi la kinyesi na manyoya yake. Kwenye kizuizi cha barabarani wakikusimamisha ukatoa kibali cha afisa mifugo peke yake hujajibu swali la bwana nyama, na ukitoa karatasi ya bwana nyama peke yake hujajibu la afya.

Na jamani, msimuweke kwenye buti. Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, mnapita Lindi, Nangurukuru, Somanga, mnavuka daraja la Mkapa, kule chini kuna joto na moshi na madumu ya mafuta ya nazi. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 kwahiyo hata ungekuwa na vibali vyote, kumtesa njiani ni kosa lingine. Ongea na konda mapema, kama hataki abiria mwenye ndege basi tafuta usafiri mwingine.

Kuvuka Ruvuma ndo usijaribu kabisa. Najua watu wa huku tuna ndugu ng'ambo, shangazi yuko Palma, mjomba yuko Mueda, unavuka Kilambo asubuhi kama unaenda sokoni. Ila kasuku akivuka hapo ashakuwa biashara ya kimataifa hata kama ni zawadi ya harusi, inaingia CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Tanzania na Msumbiji wote wamo, na karibu kasuku wote duniani wameorodheshwa humo. Tena serikali yetu ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi toka 2016. Juni 2022 ikatangazwa wafanyabiashara waliobaki na wanyama wapewe miezi 6 wawasafirishe nje wawamalize, kelele zilizopigwa hapa nchini mnazikumbuka, haikukaa siku nyingi waziri akaisimamisha ruhusa hiyo.

Wale wa kijivu mkia mwekundu wanaoongea sana, ambao kila tajiri anawataka, hao ndo moto kabisa. Sio ndege wa pwani hii, kwao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, kwetu wanagusa kule kaskazini magharibi tu, na toka Januari 2017 wako daraja la juu kabisa la CITES, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Ukiona mtu anakuuzia wa kijivu hapa Mtwara kwa bei ya kutupa jiulize kafikaje.

Waliobaki ni wale wadogo wa rangi rangi ambao madukani Dar wanawaita lavubedi. Wengi wao ni ndege wa Australia, wamezaliwa kwenye matundu vizazi na vizazi, na CITES haiwahusu. Ila lavubedi wa kweli, mnene kidogo, mdomo mwekundu, mduara mweupe kwenye jicho, huyo ni Mtanzania wa Serengeti na ukanda wa Ziwa, miaka ya 80 alisafirishwa nje kwa maelfu na maelfu, na yeye yumo kwenye orodha ya CITES. Kwahiyo muangalie mdomo na jicho kabla hujatoa hela, na omba risiti yenye jina la aliyemzalisha.

Yule mama hakusafiri kesho yake. Nilimuelekeza kwa afisa wanyamapori aende mwenyewe akajieleze kabla hajakutwa barabarani, akaenda na mjukuu wake mkubwa, vitamini alichukua hivyo hivyo. Wenye wale wadogo wa Australia, uwele na mtama mwekundu ninao, alizeti mpeni kidogo tu inawanenepesha.