Siku moja maishani mwangu: chumba cha fiziotherapia, Mtwara

Saa 1:30 asubuhi nafungua chumba, nafuta vitanda kwa dawa, nakagua magongo. Wengi hudhani kazi yetu ni kuchua tu. Wagonjwa wa kiharusi hutangulia, wa mgongo hufuata.

Saa 4 ni zamu ya magoti. Msimu wa korosho foleni hii hurefuka, maana kuokota ni kuinama na kuchuchumaa mchana kutwa, kisha kuna gunia la kubeba. Leo kuna mzee kutoka Newala na mwanawe. Kabla hata sijamshika mzee goti, kijana ameshaninyooshea simu: kliniki ya ng'ambo inatoa mafuta tumboni na kudunga gotini.

"Dokta, mzee mafuta ya goti yamekwisha. Hapa anajazwa ya kwake mwenyewe. Tuuze shamba?"

Swali hili hunichosha kuliko kazi ya mikono, lakini shamba la mikorosho halirudi likishauzwa, kwa hiyo foleni itasubiri. Yale mafuta hayaendi kulainisha goti. Tumbo hujazwa maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini, mafuta yakavutwa kwa mrija mwembamba, mara nyingi mililita 50 hadi 100. Huoshwa, huchanganywa na kimeng'enya kiitwacho kolajenesi kwenye nyuzijoto 37 kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha huzungushwa kwa kasi mashineni mpaka seli zitue chini. Mafuta yenyewe hutupwa. Kinachodungwa ni seli za kila namna, na seli shina, zile changa ziwezazo kugeuka seli za aina nyingine, ni chache humo. Usafi ukilegea hatua yoyote, vijidudu huingia kwenye kiungo, na usaha ndani ya goti hula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu.

"Mbona kwenye video wanatembea?"

Goti lililosagika lina siku nzuri na mbaya, na hata sindano ya maji ya chumvi matupu huwapa wengine nafuu. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023, wagonjwa 475, ulilinganisha seli za mafuta, za uboho na za kitovu cha watoto wachanga na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoishinda steroidi.

Mzee akakata maneno, akinigeukia mimi: "Mwanangu, nionyeshe la kufanya leo."

Alale chali, taulo lililoviringishwa liwe chini ya goti, alikandamize huku amekaza paja, ahesabu hadi 5, mara 10, asubuhi na jioni. Ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mkongojo aliushika upande wa goti bovu, kama wafanyavyo wengi; nimeuhamishia mkono wa pili na kuukata ukome usawa wa kifundo cha mkono, kwani ukizidi unapandisha bega. Korosho aokote kwa vipindi vifupi, na gunia libebwe na baiskeli.

Mchana ulipita na mifupa iliyounga, watoto wa nyayo za kupinda, na kadi ambazo bado sijamaliza kuzijaza. Kijana akarudi, mara hii bila simu mkononi: mzee ataona nafuu lini? Paja huchukua wiki 6 hadi 8 kupata nguvu. Maumivu ya zoezi yakivuka saa 24, apunguze idadi, asiache.