Mvuke wa mabawa kwenye anga kavu ya Dodoma: nilivyoupata

Hatimaye F-16 yangu, ndege ya kivita ninayoirusha kwenye FlightGear (programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta), inatoa mvuke juu ya mabawa pale tu inapostahili, na laptopu yangu ya zamani haikwami. Kila niliyemuuliza jinsi ya kuupata alinipa majibu yaleyale: nunua kadi mpya ya grafiki, halafu funga mvuke kwenye G (kipimo cha jinsi ndege inavyokandamizwa kwenye kona, G 4 ni mara nne ya uzito wako), zikizidi 4 uwake. La kwanza ni la wenye hela. La pili nililijaribu, likaharibu ladha yote. Naruka kutoka uwanja wa Dodoma mwezi wa Agosti, hewa inapasua midomo, lakini nikivuta kona tu mabawa yanafunikwa na wingu jeupe kama niko Zanzibar wakati wa masika. Mtu wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, hawezi kudanganywa hivyo.

Mvuke huu hautoki kwenye injini. Hewa ikipita juu ya bawa mgandamizo wake hushuka, inapoa, na ikifikia kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa haiwezi tena kushika unyevu wake wote, unyevu huo unageuka matone. G inaleta ubaridi. Unyevu lazima uwepo kwanza. Ile michirizi mirefu ya mita 8,000 na zaidi ni habari nyingine, hiyo ni unyevu wa moshi wa injini unaoganda.

Dawa niliipata kwenye taarifa za hali ya hewa za uwanja wetu wa ndege, HTDO kwa herufi zake za kimataifa. Zinatoa namba mbili pamoja, tuseme 29/12: joto, kisha kiwango cha umande. Tofauti ni 17. Siku ya Dar yenye 30/25, tofauti ni 5 tu. FlightGear inazo namba zote mbili pale ndege ilipo! Basi nikakadiria kila G ipoze hewa juu ya bawa kwa nyuzi 2. Zikipita ile tofauti, mvuke unatokea. Wahandisi watanisahihisha, lakini tazama matokeo: Dar G 3 zinatosha, Dodoma ya kiangazi unahitaji 9, na hapo ndipo F-16 inapoishia. Ukipanda hadi karibu na mawingu tofauti inapungua, mvuke unakuja kwa G chache. Hilo sikuliandika popote, lilijitokeza lenyewe, na nilifurahi mno.

Chembe, yaani vidoto ambavyo kompyuta inachorea mvuke, zisiishi sekunde nyingi. Mvuke halisi hufutika mara rubani anapolegeza fimbo, kwa hiyo nimeweka chini ya nusu sekunde, kwenye ncha za mabawa zaidi kidogo. Hapo ndipo laptopu ilipopumua.

Programu ni ya bure. Nimelipia bando, na joystiki ya mtumba elfu sabini hivi. Ukitaka kupima, washa hali ya hewa ya moja kwa moja, ruka Dodoma asubuhi ya Januari baada ya mvua, halafu rudia saa tisa alasiri kwa G zilezile.