Kumbukumbu ya mradi: kuunganisha orodha za nyimbo bora za roki, hatua ya alama

Lengo la mradi ni kuchukua orodha za mashabiki, kila moja ikiwa na nyimbo 10 za roki zilizopangwa kuanzia ya 1 hadi ya 10, na kutoa humo orodha moja ambayo hata shabiki aliyeshindwa anaweza kuikagua mwenyewe. Kura zimeshaingizwa na majina yamesafishwa. Sasa kazi imefika kwenye swali zito kuliko yote: nafasi ya kwanza ina thamani gani ukiilinganisha na ya pili? Ubishi wa "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin na "Bohemian Rhapsody" ya Queen huonekana kuwa wa ladha, kumbe mara nyingi jibu la swali hilo limeshaamua mshindi kabla kura hazijafunguliwa.

Usafishaji kwanza, maana huko ndiko kura nyingi hupotelea. Kwenye lahajedwali kila kura inachukua mistari 10, na safu ni nne tu: namba ya kura, nafasi, wimbo, bendi. Kabla ya kubandika chochote, safu ya wimbo iwekwe kuwa ya maandishi. Usipofanya hivyo, "5:15" ya The Who inageuka saa, na "1979" ya The Smashing Pumpkins na "2112" ya Rush zinageuka namba. Kwa macho hutaona tofauti, lakini VLOOKUP, fomula inayotafuta jina kwenye jedwali, haitambui namba 1979 kuwa ni sawa na maandishi "1979". Inarudisha kosa, na kama makosa yamefunikwa kwa IFERROR, wimbo unapata sifuri kimyakimya.

Jedwali la majina sanifu lina safu mbili: kushoto kila tahajia iliyoandikwa na wapiga kura, kulia jina tunalolihesabu. Bendi ya Lynyrd Skynyrd peke yake inakula mistari mingi. Motörhead na Blue Öyster Cult huja na nukta za juu ya herufi au bila nukta. Ritifaa ya "Sweet Child o' Mine" huwa imepinda ikitoka kwenye simu na kunyooka ikitoka kwenye kibodi, kwa hiyo zote zibadilishwe kuwa aina moja kabla ya kutafuta, na nafasi tupu za mwishoni ziondolewe kwa TRIM. Muhimu kuliko yote, kigezo cha nne cha VLOOKUP kiandikwe FALSE. Kikiachwa wazi, programu inadhani jedwali limepangwa kialfabeti na kuchukua jina la karibu, kisha bendi moja inapewa alama za nyingine bila onyo lolote.

Kitambulisho cha wimbo ni jina pamoja na bendi. "Heartbreaker" ya Led Zeppelin ya 1969 na ile ya Pat Benatar ya 1979 ni nyimbo mbili zisizohusiana. "Black Magic Woman" ni wimbo mmoja, lakini Fleetwood Mac waliutoa 1968 na Santana 1970, na anayempigia Santana hampigii Peter Green wa Fleetwood Mac. Vivyo hivyo "All Along the Watchtower" ya Bob Dylan na ya Jimi Hendrix. Rekodi za jukwaani ni suala jingine: "Free Bird" ya Lynyrd Skynyrd, ya studio ya 1973 na ya jukwaani ya 1976 zinahesabiwa pamoja, kwa sababu wengi hawasemi wanamaanisha ipi. Anayeandika "Another Brick in the Wall" bila kutaja sehemu anahesabiwa sehemu ya pili. "We Will Rock You" na "We Are the Champions" zikiandikwa kwenye nafasi moja, kila moja inapata nusu ya alama za nafasi hiyo.

Tuje kwenye alama. Njia kongwe ni ya Mfaransa Jean-Charles de Borda, aliyeieleza mwaka 1770: alama zinashuka kwa hatua zilizo sawa. Kwa orodha ya 10, wa kwanza anapata 10, wa pili 9, wa mwisho 1. Njia ya pili hutumika kwenye uchaguzi wa bunge la Nauru, nchi ya kisiwa katika Pasifiki, tangu 1971: wa kwanza anapata 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, na kuendelea hivyo.

Chukua kura 9 za mfano, nyimbo tatu tu. Wapiga kura 4 wanapanga "Stairway to Heaven", "Bohemian Rhapsody", "Hotel California" (ya Eagles). Watatu wanapanga "Hotel California", "Bohemian Rhapsody", "Stairway". Wawili waliobaki wanapanga "Bohemian Rhapsody", "Hotel California", "Stairway". Kwa alama 3, 2 na 1, Queen wanashinda kwa 20, na nyimbo nyingine mbili zinafungana kwa 17. Kwa njia ya Nauru, Led Zeppelin wanaongoza kwa 5.67, Queen 5.5, Eagles 5.33. Kura ni zilezile, hakuna aliyebadilisha mawazo, ila bingwa amebadilika.

Tumechagua hatua zilizo sawa, 10 hadi 1. Katika njia ya Nauru, pengo la nafasi ya 1 na ya 2 ni 0.5, wakati pengo la ya 2 na ya 10 ni 0.4 tu. Yaani kushushwa nafasi moja kutoka kileleni kunaumiza kuliko kuporomoka kutoka ya pili hadi mkiani. Hakuna shabiki anayepanga nyimbo zake kwa maana hiyo. Udhaifu wa tuliyoichagua nao haufichiki: nafasi mbili za tano zinatoa alama 12, zinazidi nafasi moja ya kwanza. Wimbo unaopendwa kiasi na wengi unaweza kuupita unaopendwa mno na wachache. Kwa hiyo kando ya alama orodha itaonyesha safu mbili zaidi: kura zilizoutaja wimbo, na mara ulizowekwa wa kwanza.

Fomula ni =IF(AND(B2>=1,B2<=10),11-B2,0), B2 ikiwa ni nafasi, kisha SUMIFS ya kujumlisha alama za kila kitambulisho. Kura yenye nyimbo 5 tu inaanzia 10, haianzii 5. Nyimbo mbili zilizofungana nafasi ya tatu zinagawana 8 na 7, kila moja 7.5, na inayofuata inapata 6. Aliyeandika nyimbo 10 bila mpangilio, kila wimbo wake unapewa 5.5, ili jumla ya kura yake ibaki 55 kama za wenzake.

Bendi zilihitaji hesabu yake. Kwenye nyimbo, wapenzi wa Led Zeppelin wanagawanyika kati ya "Kashmir", "Whole Lotta Love", "When the Levee Breaks" na "Stairway", ilhali kura za Eagles huelekea wimbo mmoja. Ukijumlisha alama za nyimbo zote ili kupata bendi bora, kosa linageuka upande wa pili: shabiki mmoja aliyejaza nyimbo saba za bendi moja anaibeba peke yake. Kanuni iliyopitishwa ni kwamba kila kura inaipa bendi alama za wimbo wake ulio juu zaidi, basi. Waimbaji wakibadilika bendi haibadiliki: AC/DC ya Bon Scott na ya Brian Johnson ni bendi moja, na Black Sabbath ya Ozzy Osbourne na ya Ronnie James Dio vilevile.

Hata hesabu ikiwa safi, wapiga kura wenyewe ndio orodha. Jarida la Rolling Stone liliuweka "Bohemian Rhapsody", wimbo wa Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, nafasi ya 163 mwaka 2004. Mwaka 2021, kwa kura mpya za watu zaidi ya 250, ukapanda hadi ya 17. Rekodi ni ileile ya 1975. Ndiyo maana idadi ya kura na tarehe ya kufunga zitaandikwa juu ya orodha yetu.

Kilichobaki ni kupima uimara wa nafasi. Ongeza safu yenye RAND(), yaani namba ya bahati nasibu, kwa kila kura, ibandike kuwa thamani tupu kwa sababu RAND hujibadilisha kila seli yoyote inapohaririwa, panga, ondoa sehemu moja ya kumi ya kura, hesabu upya. Rudia mara 20. Nyimbo mbili zinazopishana zaidi ya mara 5 kati ya hizo 20 zitachapishwa zikiwa sare, hata kama jumla inaonyesha moja imeongoza kwa alama mbili tatu.