Siku Saba Nje ya Mlango Wangu Mwenyewe

Jumanne ya wiki iliyopita, saa 12:30 jioni, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi jikoni nikikuna nazi ya wali, simu ikiwa kwenye rafu kando ya chupa ya chumvi, ulipoingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwalimu mwenzangu ninayefanya naye kazi mwaka wa nne sasa. Aliandika kwamba alikuwa akijiandikisha kwa semina, akakosea, na namba za uthibitisho zimekuja kwangu badala ya kwake, hivyo nimsaidie kumrudishia haraka kabla hazijaisha muda. Ni kweli kwamba dakika ileile ulikuwa umeingia ujumbe mfupi wa kawaida wenye namba sita, tatu kisha kistari kisha tatu, na chini yake onyo la wazi kwamba namba hizo asipewe mtu yeyote. Nililiona onyo lile. Nililisoma kama mtu asomavyo bango la barabarani analolipita kila siku, kisha nikazinakili namba zile sita kwa kidole chenye machicha ya nazi na kumtumia.

Nilipomaliza kuchuja tui na kurudi kwenye simu, WhatsApp ilikuwa imefungwa, na palikuwa na maneno yanayosema kwamba namba yangu haijasajiliwa tena kwenye simu hii. Nimeyakumbuka maneno hayo wiki nzima, kwa sababu namba hiyo ninayo tangu nilipoajiriwa, imeandikwa kwenye faili langu la kazi, ndani ya jalada la daftari la kila mtoto niliyemfundisha, na kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba ya kikoba chetu, mahali palipoandikwa mweka hazina.

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo lenyewe. Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba cha wanawake 24 hapa Ngamiani, Tanga. Kila Jumamosi tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, tunakopeshana, na asiyeweza kufika hunitumia fedha kwa simu, nami huandika katika daftari na kulipiga picha ukurasa ule ili kila mmoja auone katika kundi letu la WhatsApp. Kwa hiyo mwizi aliyeniandikia kwa jina la mwenzangu na kuingia kwenye akaunti yangu hakupata porojo za mwanamke mmoja, alipata kauli ambayo watu 23 wamezoea kuitii bila kuuliza mara mbili. Haikumchukua muda. Aliandika katika kundi kwamba laini yangu ya kawaida imefikia kikomo cha kupokea, na hisa za wiki hii zitumwe kwenye namba nyingine aliyoiweka hapo.

Mama mdogo ndiye aliyenipigia kwanza. Yeye hayumo kwenye kikoba, lakini mwizi alikuwa anamwandikia kila aliyemwona. «Mwanangu, upo salama? Nimeletewa ujumbe kutoka kwenye simu yako, eti habari yako, una laki moja hapo. Nikasema huyu si mtoto wa dada yangu, hajanishika miguu hata kidogo.» Baadaye nilielewa kwa nini yeye hakudanganyika ilhali wengine walidanganyika. Majina niliyoyahifadhi kwenye simu yangu hayakwenda na mwizi, na mazungumzo yetu ya zamani nayo hayakwenda, kwa sababu hayo hukaa ndani ya simu ya mwenyewe. Mbele yake alikuwa na makundi, namba za watu, na ujumbe ulioendelea kuingia tangu dakika ile. Hakujua nani ni mama yangu mdogo, nani ni mwanafunzi wangu wa zamani, nani ni dereva wa bajaji anayenipeleka sokoni, hivyo akawaandikia wote salamu moja. Mzee aliyezoea shikamoo yangu alishtuka, na rafiki ninayemwita kwa jina la utani alishtuka. Walioumia ni wale ambao mimi na wao tuna heshima ya kikazi tu, habari yako na ahsante, na kwa mweka hazina watu wa namna hiyo ni wengi.

Wanachama wawili walituma. Mmoja 85,000, mwingine 120,000. Huyu wa pili aliniambia, akiwa bado na simu mkononi, kwamba kabla ya kuweka namba ya siri aliliona jina la mwanaume asiyemjua likitokea kwenye skrini, akajiambia kuwa lazima ni ndugu yangu. Alipopiga simu kwa watoa huduma kuomba muamala usitishwe, fedha zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Wakati huo mimi nilikuwa ninapigana na simu. Mpwa wangu, aliyekuja kula ule wali uliochelewa, aliniambia jambo ambalo ninamshukuru mpaka leo: nisiifute programu, kwa sababu sikuwa nimeweka nakala ya mazungumzo popote, na picha za madaftari ya kikoba ya miaka mitatu zilikuwa humo. Badala yake niandikishe namba yangu upya palepale, niombe namba sita zije kwenye laini yangu, kwa maana laini ninayo mimi na mwizi hana. Inaonekana rahisi, lakini kila ukiomba namba mara nyingi unaambiwa usubiri, kwanza dakika, kisha saa, na kila nilipotazama zile sekunde zikihesabu kurudi nyuma nilijua kuna mtu anaandikiwa kwa jina langu. Namba ziliingia saa 3 usiku. Niliziandika, mlango ukafunguka nusu, kisha nikaulizwa namba nyingine ya siri ya tarakimu sita ambayo mimi sijawahi kuiweka maishani mwangu. Mwizi ndiye aliyeiweka. Chini yake nikaelezwa kwamba nisipoijua itanibidi nisubiri siku saba.

Nililia, na siku hiyo sikula.

Asubuhi mpwa wangu alinieleza kwa utulivu kile ambacho usiku sikuwa na masikio ya kukisikia. Namba ile ya pili ndiyo uthibitishaji wa hatua mbili, kitasa cha ndani ambacho kila mtumiaji amepewa tangu mwaka 2017, na ambacho mimi sikuwahi kukifunga, kwa hiyo mgeni alikikuta wazi akakifunga kwa ufunguo wake. Lakini pale nilipoandika zile namba sita zilizokuja kwenye laini yangu, yeye alitolewa nje saa ileile, hata kama mimi nami sikuweza kuingia. Kuanzia saa 3 usiku ile akaunti haikuwa na mtu ndani. Alikuwa ameshika nyumba yangu kwa saa mbili na nusu, na zilimtosha.

Nimelifikiria sana sanduku letu la kikoba. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake tatu ziko kwa wanawake watatu wanaokaa mitaa mitatu, na mimi mweka hazina sina hata mmoja. Tuliweka utaratibu huo siku ya kwanza, na hakuna aliyeona kuwa ni kumdharau mtu. Ikiwa fedha za wiki moja tulizipa kufuli tatu, sijui niliona nini kuiacha kauli inayoziita fedha hizo ikae na kufuli moja, na ufunguo wake nikaugawa mwenyewe nikikuna nazi. Hata zile siku saba, ambazo siku ya kwanza nilizichukia, nilianza kuzielewa. Kama ningeweza kuruka kitasa kile kwa kusema tu kwamba mimi ndiye mwenyewe, basi na mwizi angesema vilevile, kwa maneno yaleyale, pengine kwa machozi mengi kuliko yangu.

Siku ya pili nilikwenda kituo cha polisi nikafungua shauri na kupewa namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa pale kituoni. Askari aliyenihudumia aliniuliza namba ya simu iliyopokea fedha, namba ya kila muamala na saa yake, akaniambia kwamba kosa hilo limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kilichonisumbua ni ile laini ya mwizi. Tangu mwaka 2019 tunasajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, sasa vidole vile ni vya nani? Inawezekana ni vya mtu aliyewekewa kidole mara mbili kwenye mwavuli wa msajili akaambiwa cha kwanza hakikusoma, na leo jina lake linapokea fedha za wizi bila yeye kujua. Nilipotoka pale nilibonyeza *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nikakuta mbili tu, na zote ni zangu. Ile namba ya tapeli niliituma 15040, kule tunakoelekezwa kuripoti namba za matapeli. Kuna kijana pia aliyenitafuta akidai kwamba kwa 50,000 anairudisha akaunti usiku mmoja. Nilimkatalia bila kujadiliana naye.

Siku nne zilizofuata nilitembea. Ningeweza kumaliza kwa ujumbe mfupi, na ujumbe niliutuma kwa wote usiku uleule wa kwanza, lakini niliona kwamba watu walioandikiwa uongo kwa jina langu hawatapona kwa kuandikiwa tena kwa jina hilohilo. Nilikwenda Makorora, Mikanjuni na Chumbageni, baada ya vipindi vya shule, daftari kubwa la kikoba likiwa kwenye mfuko, nikakaa na kila mwanachama kwenye mkeka au kibarazani na kulinganisha hisa zake na zangu. Wengi walinipokea kwa pole. Mmoja hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni na kitabu chake kifuani, akaniambia, «Mwalimu, sikuchukulii vibaya, lakini mimi nilishaibiwa na mweka hazina wa kikoba kingine, naye alisema simu imedukuliwa.» Sikuwa na jibu, na nadhani hapakuwa na jibu. Nilimwachia daftari kubwa alale nalo na kulikagua peke yake, nikamwambia nitalifuata kesho. Alinirudishia yeye mwenyewe shuleni, saa ya mapumziko, akaninong'oneza kwamba hesabu iko sawa.

Kuhusu zile fedha, mwenyekiti alisema kwamba kikoba hakiwezi kunidai, kwa kuwa na mimi nimeibiwa. Mimi niliona tofauti. Waliotuma hawakumtumia mgeni, walinitumia mimi. Nilikopa kwa dada yangu, nikampelekea wa kwanza 85,000 zake na akazipokea kwa mikono miwili. Wa pili alikataa kabisa. Alisema kwamba jina la yule mwanaume aliliona kwa macho yake mawili, na macho ni yake. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali nimrudishie nusu, na nusu iliyobaki akasema aliilipa ada ya kujifunza, kisha akabadilisha mazungumzo kabla sijamshukuru.

Jana jioni siku saba zilitimia. Niliomba namba sita kwa mara nyingine, nikaziandika taratibu nikiwa nimekaa, mikono mikavu, na safari hii sikuulizwa namba ya yule mtu. Kabla ya kusoma ujumbe wowote nilifunga kitasa cha ndani kwa tarakimu zangu, nikaweka barua pepe yangu ya kunisaidia nikizisahau, nikatazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukuta hakuna kifaa chochote. Picha za madaftari zilikuwepo zote. Ule ujumbe alioandika kwa jina langu haukuwa upande wangu wa mazungumzo, niliujua tu kwa picha za skrini nilizotumiwa na wale walioandikiwa.

Niliandika katika kundi: Wapendwa, ni mimi, nimerudi, akaunti iko salama, Jumamosi tukutane kama kawaida. Nikafungua taarifa za ujumbe ule, na orodha ya waliousoma ikaongezeka jina moja baada ya jingine, watu kumi, kumi na watano, ishirini, na hakuna aliyejibu neno. Nilikaa nikiitazama skrini mpaka ikazimika yenyewe.

Kisha simu ikaita, simu ya kawaida. Alikuwa mwenyekiti wetu.

«Mwalimu.»

«Naam, mama. Shikamoo.»

«Marahaba. Nisamehe, nataka nikuulize kitu. Tulipokwenda kuzika Muheza mwaka juzi, wewe ulibeba nini?»

«Sufuria kubwa la kikoba,» nikamwambia. «Na kifuniko kilituangukia njiani, tukafunika wali kwa sinia la yule jirani yako.»

Alinyamaza kidogo, nikasikia akimwambia mtu aliye pembeni yake kwamba ndiye.

«Sinia lenyewe hatujalirudisha mpaka leo,» akasema. «Haya, ngoja niwajibu wenzetu.»